Uzoefu Wangu wa Kumiliki Piper Super Cub ya Mwaka 1958 Jijini Nairobi

Mimi na wenzangu wawili tunamiliki kwa ubia ndege aina ya Piper PA-18 Super Cub iliyoundwa mwaka 1958, yenye injini moja ya Lycoming O-320 ya nguvu farasi 150, viti viwili vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, na gurudumu dogo chini ya mkia. Tunairusha kutoka Uwanja wa Wilson. Wengi wanaoniuliza habari zake huanza na bei ya kununulia, ilhali bei ndiyo sehemu nyepesi. Usalama wa ndege ya umri huu unategemea mambo ambayo mnunuzi hayaoni anapoitazama ikiwa imepakwa rangi mpya.

La kwanza ni mihimili inayoshikilia mabawa. Ni ya chuma na ina uwazi ndani, hivyo maji yakiingia hutuama upande wa chini na kuanza kukila chuma kutoka ndani, huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Kutokana na hatari hiyo, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza mwaka 1993 kwamba mihimili ya zamani ikaguliwe kila baada ya miezi 24, ama kwa kifaa cha kubonyeza chuma ama kwa mawimbi ya sauti, isipokuwa mwenye ndege akiibadilisha na kuweka iliyozibwa kabisa. Ndege yetu ilikuwa imekaa miaka mingi Pwani kabla hatujaipata, na hewa ya chumvi haina huruma. Fundi tuliyemleta wenyewe alipoubonyeza mhimili wa kushoto, karibu na pale unapoungana na kiwiliwili, chuma kilibonyea kama mkebe wa maziwa, ingawa karatasi za muuzaji zilionyesha kwamba ukaguzi ulifanyika na hakuna kasoro iliyopatikana. Tulipunguziwa bei, tukaagiza mihimili iliyozibwa, na ndege haikuruka hadi mihimili hiyo ilipofungwa. Kwa hiyo anayetaka kununua asikubali kamwe fundi wa muuzaji ndiye awe mkaguzi wake.

Kitambaa kilichofunika mabawa na kiwiliwili hakikutupa shida kubwa. Zamani kilikuwa cha pamba, siku hizi ni cha poliesta, na adui yake mkuu ni jua; ndiyo sababu hupakwa rangi yenye unga wa alumini kabla ya rangi ya mwisho, na ndiyo sababu kodi ya banda si anasa katika nchi inayopitiwa na Ikweta. Banda nalo lina wapangaji wake. Panya wakizalia mkiani, mkojo wao hutia kutu mabomba ya fremu, na nyigu huhitaji muda mfupi tu kuziba kwa tope mrija unaopima kasi.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha injini tunachuruza mafuta kidogo kwenye chupa na kuyatazama mbele ya kitu cheupe. Petroli ya ndege ya aina ya 100LL ina rangi ya buluu, na maji, kwa kuwa ni mazito zaidi, hukaa chini yake. Rubani mgeni huridhika asipoona mstari unaotenganisha viwili hivyo, lakini chupa ikijaa maji matupu pia haitakuwa na mstari wowote. Rangi ndiyo itakayomwambia ukweli.

Angani ni ndege tiifu sana, ila inamtaka rubani ajue yuko wapi. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na alasiri yenye joto la nyuzi 26 hewa huwa nyembamba hivi kwamba ndege huruka kana kwamba uwanja uko juu ya futi 8,000, huku injini ikitoa takriban robo tatu tu ya nguvu zake. Ni lazima basi kupunguza mafuta katika mchanganyiko wake na hewa kabla ya kuondoka, jambo ambalo aliyefundishwa Malindi hana mazoea nalo. Tukishuka Diani tatizo hugeuka: hewa yenye unyevunyevu huweza kufanya barafu ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, hata nje kukiwa na nyuzi 25, hasa injini inapopunguzwa kasi kwa ajili ya kutua. Watu hucheka wakisikia habari za barafu Pwani, lakini mafuta yanapogeuka mvuke huipoza mno hewa inayopita hapo, kwa hiyo tunavuta kishikio kinachopeleka hewa ya moto kwenye kabureta kabla ya kupunguza nguvu, wala hatusubiri injini ikohoe.

Hatari ninayoiogopa kuliko zote inatokana na sifa yake nzuri. Super Cub huenda polepole, na ndiyo maana imetumika miaka mingi kwa doria za wanyamapori Tsavo. Abiria akiona tembo huomba uzunguke chini chini. Ukikaza kona hadi ndege ilale nyuzi 60 bila kupoteza kimo, kasi ambayo bawa huacha kubeba hupanda kwa asilimia 41, na huko chini hakuna nafasi ya kurekebisha. Kanuni yetu ni kupita kwa mstari ulionyooka, tena kwa kimo kinachoruhusiwa, na abiria huambiwa hivyo kabla hajapanda.

Kutua nako kunahitaji mafunzo mahsusi. Uzito wa ndege uko nyuma ya magurudumu makuu, hivyo ikianza kupinda ardhini mkia hutaka kutangulia. Breki zinakanyagwa kwa vidole vya miguu, na upepo wa ubavuni haumsubiri mtu atafute pedali. Aliyekaa mwezi mzima bila kuirusha, katika ubia wetu, hutoka kwanza na mwalimu. Tumefunga pia mikanda ya mabegani, kwa sababu ndege nyingi za miaka hiyo zilitoka kiwandani na mkanda wa kiunoni tu, na sioni fedha iliyotumika vizuri zaidi ya hiyo.

Ningempendekezea rubani mwenye subira, mwenye fundi anayemwamini na anayeweza kulipia petroli ya lita 30 na zaidi kwa saa. Mwenye mke na watoto anaotaka kuwapeleka Lamu kwa likizo atafute Cessna 182 yenye viti vinne, kwani hapa kuna nafasi ya mtu mmoja tu nyuma, na mzigo mdogo nyuma ya kiti chake.