Coda: riwaya tatu zilizofunga hesabu za Star Trek ya vitabuni

Tangu nimalize kusoma Coda, riwaya tatu za Star Trek, ile hadithi ya Marekani ya safari za anga za juu, mimi na binamu yangu hatuelewani. Yeye anasema waandishi wamewachinja watu wetu bila huruma. Mimi nasema wametupa kitu ambacho wasomaji wa riwaya za aina hii hunyimwa karibu siku zote: mwisho. Kama hujasoma na hutaki kujua nani anakufa, ishia hapa.

Kwa asiyezifuata riwaya hizi, kisa chenyewe ni hiki. Deep Space Nine, mmoja wa mifululizo ya Star Trek, ulikwisha kwenye televisheni mwaka 1999, na mwaka 2001 riwaya zikaanza kuendeleza hadithi kutoka pale ilipoachwa. Baada ya filamu ya Nemesis ya 2002, nahodha Picard na wenzake wa chombo cha Enterprise nao wakaingia vitabuni, na taratibu vitabu vyote vikawa ulimwengu mmoja. Jambo likitokea katika kitabu hiki, wa kitabu kile wanaumia. Picard akamuoa Beverly Crusher, daktari wa chombo, wakapata mtoto wa kiume, René. Riker, aliyekuwa msaidizi wake, na mkewe Troi wakapata binti, Natasha. Sisi wasomaji tukawazoea kama watoto wa jirani.

Januari 2020 ukaanza mfululizo mpya, Picard, na humo Picard, sasa mzee, anaishi kwenye shamba lake la mizabibu huko Ufaransa, hana mke wala mtoto. Katika Star Trek, televisheni ikigongana na kitabu, kitabu ndicho kinachopisha. Wachapishaji wangeweza kunyamaza tu na kuanza vitabu vingine, nasi tungebaki tunaning'inia. Badala yake wakawaachia waandishi watatu waimalize hadithi: Moments Asunder ya Dayton Ward, The Ashes of Tomorrow ya James Swallow na Oblivion's Gate ya David Mack. Zote zilitoka kati ya Septemba na Novemba 2021.

Adui ni Wadevidia, wale viumbe wa kisa cha televisheni cha Time's Arrow wanaojilisha nishati ya watu wanaokufa. Safari hii hawangoji wagonjwa. Wanavunja mikondo mizima ya wakati, yaani historia nzima zinazokwenda sambamba, ili wajilishe kwa vifo vyake. Halafu Picard na wenzake wanagundua kwamba mkondo wao wenyewe ulichipuka pale Waborg, maadui walio nusu viumbe nusu mashine, waliporudi nyuma kwenye wakati uliopita, tukio tulilolitazama katika filamu ya First Contact ya 1996. Ili mikondo mingine ipone, wa kwao lazima ufutike, na René afutike nao. Hapo ndipo waandishi waliponishika. Kile kilichoanza kama uamuzi wa kibiashara kimekuwa swali la mzazi: unafanyaje kazi ya kuwaokoa watu usiowajua, wakati malipo yake ni mtoto wako asiwahi kuwapo? Kitabu cha tatu kinalibeba swali hilo hadi ukurasa wa mwisho bila kutafuta mlango wa uani.

Kitabu cha kwanza ndicho kilichonikera. Ezri Dax wa Deep Space Nine tulimjua tangu akiwa mshauri mwenye wasiwasi mwingi, tukamfuata mpaka akawa nahodha wa chombo cha Aventine. Miaka yote hiyo, kisha anaondoka katikati ya mapambano, na hadithi inapita mbio kwenda kwenye janga linalofuata. Silalamikii kifo chake, nalalamikia haraka. Wenzake walihitaji muda wa kumlilia, na sisi pia. Kitabu cha pili kina Riker anayegeuka kumwinda Picard, na hilo lina sababu yake ndani ya hadithi, lakini kurasa zake nyingi nilizisoma kwa kusukuma.

Hoja ya binamu yangu yenye uzito ni kwamba mauaji yakizidi, msomaji anakufa ganzi. Ni kweli kwa kitabu cha kwanza na nusu ya cha pili. Kwa Mack si kweli. Yeye anajua kupunguza mwendo kabla ya pigo, na watu wake wanapata nafasi ya kuagana. Nilimsoma Beverly na mwanawe nikalazimika kuweka simu chini.

Mwaka 2023 msimu wa tatu wa Picard ulimpa mzee huyo mtoto wa kiume aliyezaa na Beverly, Jack. Watazamaji walishangaa. Sisi wa vitabuni tulimkumbuka René.

Usianze na Coda kama hujasoma chochote. Majina ni mengi na hakuna anayekungojea. Anza na riwaya tatu za Destiny, za Mack huyo huyo, zilizotoka 2008, ambamo vita na Waborg vinafikia kikomo. Zikikushika, soma za Titan, chombo cha Riker, ili umjue Riker kama nahodha, kisha urudi kwa hizi. Kwa jumla naipa Coda nyota nne kati ya tano, na Oblivion's Gate peke yake ningeipa tano.