Sindano za kukomaza mapafu ya mtoto njiti: nyota 4 kati ya 5, na ya tano nimeizuia kwa ajili ya moyo na figo

Hii rivyuu nimekaa nayo miezi mingi, nilisema nisiandike mpaka mtoto atoke wodini, sasa tuko nyumbani ananyonya vizuri na kilo zinapanda ndo nimepata nguvu ya kuandika. Hospitali siitaji jina. Ninachopima hapa ni huduma ya zile sindano za steroidi anazochomwa mama mwenye dalili za kujifungua mapema, na jinsi walivyomfuatilia mtoto baada ya hapo.

Mi chupa ilipasuka usiku nikiwa wiki ya 29. Kasi yao nawapa tano bila kufikiria mara mbili, yani sijamaliza kujieleza nesi kashanichoma betamethasoni miligramu 12, ya pili ikafuata baada ya masaa 24 na hapo dozi imekamilika. Mama wa kitanda cha jirani yeye alipewa deksamethasoni, miligramu 6 kila masaa 12 mara nne, kazi ni ileile. Dozi inafanya vizuri zaidi mtoto akizaliwa kuanzia siku moja mpaka wiki moja baada ya sindano, wangu alizaliwa siku ya tatu. Ila siku ya pili alipunguza kucheza tumboni nikalia sana, wakaja wakasikiliza mapigo yako sawa, ndo naambiwa hiyo dawa inaweza kumtuliza mtoto kwa muda. Jamani si mngeniambia kabla.

Sasa kuhusu maelezo. Kila aliyenijia alisema “mama hii ni ya mapafu” basi. Kweli ni ya mapafu na inaokoa maisha, hilo sibishani nalo. Lakini ile dawa inapita kwenye kondo la nyuma inamfikia mtoto mzima, haichagui mapafu peke yake, na kwangu mi mambo niliyoyaona kwa macho yangu yalikuwa ya moyo na figo.

Moyo kwanza. Mtoto akikatwa kitovu, moyo wake unaanza ghafla kusukuma damu kwa mkazo mkubwa kuliko ule wa tumboni, na moyo wa njiti misuli yake bado laini, ndo maana wengi presha inashuka siku za mwanzo mpaka wanawekewa dawa za kuipandisha. Watoto ambao mama zao walipata sindano kwa kawaida presha yao inakaa juu kidogo na wanahitaji hizo dawa kwa nadra zaidi. Wa kwangu hakuwekewa hata moja. Halafu kuna kile kimshipa kinachounganisha ateri ya mapafu na aota (ule mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni), kinatakiwa kijifunge chenyewe baada ya kuzaliwa na kwa njiti mara nyingi kinachelewa, daktari alimpiga ultrasaundi ya moyo akakuta kipo wazi kidogo akasema tusubiri, asimkimbizie ibuprofeni, dawa ya kukifunga, kwa sababu ile inapunguza damu inayoenda kwenye figo. Kikafunga. Huyu daktari peke yake alistahili nyota kumi, alinichorea moyo kwenye karatasi nikaelewa.

Figo ndo usiseme. Sikujua mkojo wa mtoto unaweza kuwa habari kubwa hivyo. Kila pampasi inapimwa kwenye mzani, wanatoa uzito wa pampasi kavu wanapata mkojo, na wanataka angalau mililita 1 kwa kila kilo kwa kila saa, mtoto wangu alikuwa na kilo 1.2 kwa hiyo ni kama mililita 29 kwa siku nzima. Siku ya kwanza ulitoka kidogo mno mi nikajua figo zimekufa, kumbe siku ya kwanza ni kawaida, siku ya pili na ya tatu ukafunguka kabisa. Nesi wa zamu ya usiku, dada mmoja mpole sana, akaniambia sindano nazo zina mchango wake, zinasaidia figo zijue mapema kushika chumvi na kutoa potasiamu. Potasiamu ikijaa kwenye damu ya njiti inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo moyo na figo hapo wanategemeana. Nilikuwa na hofu pia na kreatinini, yani uchafu wa kwenye damu ambao figo zinautoa, iliyoonekana juu siku ya kwanza, akanielewesha kwamba mwanzoni ile inakuwa bado ni ya kwangu mimi mama.

Nilipokosana nao ni siku ya ruhusa. Niliuliza kama sindano zina madhara ya baadaye, nikajibiwa “hamna kitu mama, nenda nyumbani”. Hilo si jibu. Vichujio vya figo vinaendelea kutengenezwa mpaka karibu wiki ya 36, mtoto wa wiki 29 anakuja navyo pungufu kwa sababu tu kazaliwa mapema, na kwa kondoo na panya steroidi zimeonekana kupunguza idadi yake. Ningeambiwa hivyo nisingekimbia. Ningeambiwa pia kwamba watoto wa ule utafiti wa mwanzo wa Liggins na Howie kule New Zealand, uliotoka 1972, walifuatiliwa mpaka umri wa miaka 30 na presha yao haikutofautiana na ya wale ambao mama zao hawakupewa, ningelala usingizi. Kinachotia wasiwasi zaidi ni kurudia dozi mara nyingi, hapo uzito wa mtoto unaweza kupungua, lakini dozi moja kwa mama anayekaribia kujifungua mi ningechomwa tena kesho.

Kwenye karatasi ya ruhusa waliandika macho, masikio, uzito na chanjo. Presha hamna, figo hamna. Nimeomba mwenyewe kliniki, ikabidi watafute kikanda kidogo cha kupimia presha cha saizi yake maana cha watoto wakubwa kinadanganya, wakapima akiwa amelala, iko vizuri. Mama mwenye njiti ukipewa ruhusa omba hicho kipimo kiandikwe palepale kabla hujabeba mtoto.