Gari la kulala ni zuri, ofisi ni ya hovyo: Victoria Falls yangu iliyoishia Tunduma

Niseme mapema asije mtu akadhani nina chuki binafsi: gari lenyewe ni zuri. Ni Toyota Hiace iliyong'olewa viti vya nyuma, ikawekwa kitanda cha kukunja, jiko la plate mbili, sinki dogo, friji la betri na mapazia mazito. Godoro halina shida kabisa, nimewahi kulala gesti za Makambako zikanitesa kuliko hilo. Haya yanayofuata ni ya ofisi iliyonikodisha, iko hapahapa Mbeya, na sitaitaja jina kwa sababu bado tunadaiana.

Mpango ulikuwa kwenda kuona maporomoko ya Victoria Falls, na hatukukurupuka. Mama watoto ndiye aliyelivalia njuga. Aliniambia Aprili na Mei tusiende, maana Zambezi inakuwa imefurika na manyunyu yanapanda mpaka huoni chochote, unalowana tu. Oktoba na Novemba nazo hazifai, upande wa Zambia maji yanapungua sana na sehemu kubwa unabaki kutazama jiwe. Mwezi wa sita au wa saba ndiyo penyewe. Tena akataka tufike mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu usiku huo watu huruhusiwa kuingia kuangalia upinde wa mvua unaotokana na mbalamwezi. Nilidhani ananitania. Nikasoma mwenyewe, kumbe kweli. Basi mambo yote ya nyumbani yakapangwa kufuata huo mwezi: ruhusa ya kazini, likizo ya watoto, hata mahindi ya Uyole tukamwachia mtu ayapukuchue.

Kuhusu gari la kulala, sababu ni watoto na ni hela. Kutoka Tunduma unakwenda Nakonde, Mpika, Kapiri Mposhi, Lusaka, ndiyo uifikie Livingstone, mji ulio jirani na maporomoko upande wa Zambia. Zile ni njia ndefu zenye pori katikati, na familia nzima ikilala hotelini kila usiku mnarudi nyumbani mnakula dagaa mpaka Krismasi. Ukiwa na kitanda na jiko lako unaegesha kwenye kambi, unapika wali wako wa Kyela, unalala.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nilipokwenda kukodi, nilisema ninakokwenda. Narudia, nilisema. Dada wa mezani akaandika kwenye risiti kwa mkono wake, kalamu ya bluu: "Mbeya – Livingstone – Mbeya." Ninayo mpaka leo, nimeibandika kwenye friji ya nyumbani ili hasira isiishe. Akachukua hela ya kodi na dipoziti. Akanipa funguo, nakala ya kadi ya gari, na bima ya COMESA, ile ya kadi ya njano, ambayo kweli walishaikata. Mtu akikukatia bima ya kuvukia mpaka, utawaza nini? Mimi nilijua nimefika kwa watu wanaoijua kazi.

Tukaondoka alfajiri, baridi ya Mbeya mnaijua, watoto wamejifunika mablanketi nyuma kama wako chumbani kwao. Senjele tulipita polepole nyuma ya lori la mbolea. Vwawa chai. Tunduma mapema tu.

Niwe mkweli, pale mpakani sina malalamiko. Tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe mwaka 2019, maafisa wa nchi zote mbili wako sehemu moja, huzunguki sana. Wanaoteseka ni madereva wa malori, foleni yao inaanza mbali kabla hujauona mpaka wenyewe. Sisi tulipita pembeni. Kabla sijagonga pasipoti nikasema ngoja nimalize ya gari kwanza.

Afisa akaomba kadi. Nikampa nakala. Akaisoma, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele, akaniuliza, "Huyu mwenye gari ni nani yako?" Nikainama kusoma. Jina si la ofisi wala la mtu yeyote ninayemjua duniani. Na chini ya hilo jina limeandikwa jina la benki. Hapo nikaelewa kabla hajaniambia. Gari lina mkopo. Kadi halisi imelala benki. Na gari la namna hiyo halitoki nje ya nchi mpaka mwenyewe aandike barua ya idhini na benki nayo iandike yake. Afisa alikuwa mstaarabu, akaniita mzee ingawa hatupishani umri. "Mzee, wapigie sasa hivi. Wakikutumia barua zenye mihuri, sisi hatuna tatizo na wewe."

Nikapiga. Nikapewa anayejiita meneja.

"Kaka, hilo gari haliruhusiwi kuvuka."

"Mbona mmeandika Livingstone kwenye risiti?"

"Tuliandika ulivyosema wewe."

"Na bima ya COMESA mlinikatia ya kwendea Mbalizi hapo jirani?"

Kimya. Halafu, mdomo umejaa: "Sasa kaka, wewe hukuuliza kama linaruhusiwa."

Alikuwa anakula. Nasikia kabisa anatafuna, na kijiko kinagonga sahani. Mimi nimesimama juani, wabadilisha kwacha wamenizunguka wakidhani napiga simu ya kutafuta bei nzuri, watoto wameshusha vioo wananitazama baba yao anavyobadilika rangi, yeye anatafuna. Ati sikuuliza! Ningeuliza nini? Niulize pia kama lina breki? Anayejua kadi iko wapi ni mimi au ni yeye? Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu mama mkwe wangu anasoma. Akaniambia, kwa upole ule unaoumiza kuliko tusi, "Ukitulia utanipigia," akakata.

Sikutulia.

Vishoka walishanusa. Mmoja akaja mpaka dirishani: "Mzee, laki moja tu, gari linalala Nakonde leo." Nikamfukuza. Gari lenye deni la benki ulipitishe njia za panya, likamatwe ng'ambo ukiwa na familia ndani? Meneja angeendelea kula chakula chake na mimi ningekuwa naeleza polisi wa nchi ya watu.

Mama watoto ndiye aliyeokoa safari. Hakupiga kelele, na mimi nilitaka apige ili tupige wote. Akafungua ramani kwenye simu, akasema, "Baba, geuza. Shika ya Sumbawanga, twende maporomoko ya Kalambo." Kwa wasiojua, barabara ya Sumbawanga inachepukia pale pale Tunduma mjini. Ni lami mpaka Sumbawanga. Tukageuza.

Sitaki kuisifia sana Kalambo kwa sababu nitaonekana nimewasamehe. Lakini lazima niseme. Tulipita Laela, Sumbawanga tukanunua migebuka, tukashika Matai, kisha barabara ya vumbi. Hapo nilitegemea ile Hiace itatuvunja migongo, haikutuvunja. Shokapu ziko imara, na vyombo vya kabatini havikumwagika hata kikombe. Kuna fundi mle ofisini anajua anachofanya, nitamrudia.

Maporomoko yenyewe ni tofauti kabisa na tulichokuwa tumejiandaa kukiona. Victoria ina upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu na kimo cha mita 108. Kalambo ni mto mwembamba tu, ukiuona kwa juu unaweza kuudharau, halafu unafika ukingoni na unaporomoka zaidi ya mita 200 bila kugusa kitu. Mara mbili ya Victoria kwa kimo! Nilishika ukosi wa mwanangu mdogo na sikuuachia muda wote. Chini yetu, marabu wanaozaa kwenye kuta za lile korongo walikuwa wanazunguka, na lilikuwa jambo geni kwangu kumtazama ndege mkubwa vile mgongoni wakati anaruka.

Sasa cheka na mimi: ng'ambo ya maji ni Zambia. Mto ndio mpaka. Upande wa pili walikuwepo watalii wamesimama, wakatupungia mikono, watoto wakawapungia. Zambia ile ile niliyokataliwa asubuhi ya juzi, naiona nguo za watu wake ni rangi gani. Damu ikachemka upya. Kijana aliyekuwa akitutembeza akaanza kutueleza kuwa huko juu, upande wa Zambia, wataalamu walichimbua magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya lingine, na mwaka 2023 wakatangaza kuwa yana umri usiopungua miaka 476,000. Binti yangu mkubwa akauliza, "Na hao waliyajengea kwa barua ya benki?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Usiku ndipo ofisi ikatukumbuka tena. Gesi ikaisha hata wali haujaiva. Mtungi walisema umejaa, na mimi nikaamini, maana watu wenye bima ya COMESA tayari wataacha kujaza mtungi? Tukawasha kuni, sufuria yao ikapata masizi. Friji nayo ikazima. Hapo nikapata namba ya yule fundi, imeandikwa kwa maka pen ndani ya boneti. Nikampigia saa tatu usiku nikitegemea anitukane. "Shikamoo mzee. Fungua chini ya kiti cha dereva, mkono wa kushoto kuna boksi. Fyuzi ya tatu, ya njano. Nimeweka za akiba kwenye kibiriti humo humo." Kweli kuna kibiriti, na fyuzi zimefungwa kwenye gazeti. Friji likaunguruma. Akaniuliza kama watoto hawasikii baridi, na kwamba kuna blanketi la ziada chini ya godoro ambalo ofisini hawalijui. Mtu kama huyu anafanyaje kazi na mla chakula?

Kwa hiyo usingizi ulikuwa mzuri. Watoto mpaka leo wanaulizia lile gari, hawaulizii Livingstone. Hapo kwa kweli nilikuwa nimepanga kuwapa nyota tatu. Mama watoto anasema nne, anasema bila wao tusingeijua Kalambo. Mimi namwambia bila mwizi usingejua kufuli.

Tuliporudisha gari nilikuwa nimepoa. Nikaomba kitu kimoja tu, wanirudishie tofauti ya kodi, maana niliwalipa bei ya kuvuka mpaka, ambayo iko juu. Meneja akasema gari nimelitumia, kwa hiyo hakuna tofauti. Kisha akakagua vyombo. Akakata kwenye dipoziti shilingi elfu kumi na tano za sufuria yenye masizi. Gesi wameweka nusu wao, faini ya kuni nilipe mimi. Nikamwambia, "Sasa kaka, wewe hukuuliza kama sufuria itapikiwa kuni." Nilitegemea atajisikia vibaya akilisikia neno lake. Hakulitambua hata kidogo.

Basi nyota moja. Ya fundi.

Kama unapanga kwenda Victoria Falls kwa gari la kukodi kutoka huku kwetu, dai kuona kadi halisi ya gari kabla hujatoa hata shilingi. Ikiwa na jina la benki, taka barua mbili, ya mwenye gari na ya benki, zenye mihuri, mkononi mwako, si "zitatumwa". Bima ya njano peke yake haikuvushi. Tikisa mtungi wa gesi. Na kama huna haja ya kuvuka mpaka, ukitaka Kalambo, au Matema, au Kitulo wakati wa maua, likodi tu lile gari, halitakuangusha. Mwombe fundi akukabidhi yeye.

Dipoziti iliyobaki waliahidi wiki ile ile. Nikipiga asubuhi dada wa mezani ananiambia nijaribu saa nane mchana, na saa nane ananiambia meneja ametoka kwenda kula.