Mzunguko mzima wa kreta ya Longonot: tathmini kwa wanaotoka Nairobi asubuhi na kurudi jioni

Wengi wanaotoka Nairobi kupanda Mlima Longonot huishia ukingoni mwa kreta, lile shimo la volkano lililo juu yake. Wanapiga picha, wanakula ndizi, wanashuka. Kutoka lango la KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hadi hapo ni kilomita 3.1 za kupanda, saa moja hivi kwa mtu mwenye pumzi za kawaida. Lakini kinachostahili nauli yako ni zile kilomita 7.2 za kuizunguka kreta. Ukijumlisha na kushuka, unatembea zaidi ya kilomita 13. Tenga saa tano au sita na mapumziko yake. Aliyezoea Ngong asijidanganye: kule unapanda vilima vya nyasi, huku kuna mahali utatumia mikono.

Suala la kwanza ni mwelekeo. Ukifika ukingoni, pinda kulia ili kreta ikae mkono wako wa kushoto. Kwa njia hiyo unakutana na mwinuko wa Kilele Ngamia, sehemu ya juu kabisa ya ukingo, mita 2,776, ungali na nguvu na kabla jua halijashika kasi. Wanaoanza kushoto hukifikia wamechoka, kisha wanalazimika kuuteremka ule upande mkali magoti yakitetemeka.

Ugumu wenyewe uko kwenye udongo. Ni majivu ya volkano, mepesi kama chaki, na maji ya mvua pamoja na viatu vya watu vimeyachimba mpaka njia imekuwa mitaro. Juu mtaro ni mpana, chini unabana hadi kiatu kimoja kinaenea kwa shida. Ukitembea katikati, mguu unajipinda na kifundo cha mguu kinateguka. Tanua miguu, kanyaga kuta zote mbili, mikono ishike kingo, ujivute taratibu. Kabla ya kukiegemea kishikio chochote kitikise kwanza, maana yale mawe mepesi yenye vitundu huchomoka kama jino bovu. Vichaka navyo visikushawishi; mizizi yake imeshika vumbi tu. Hakikisha una sehemu tatu zilizotulia, mikono miwili na mguu mmoja au kinyume chake, ndipo usogeze ya nne. Na mwachie aliye mbele yako nafasi ya kutosha: akiteleza, kokoto na vumbi lote ni lako.

Glavu za mafundi wa ujenzi, zile za duka la vifaa, zinafaa kuliko nyingi za bei ghali. Fimbo ya kutembelea husaidia sana wakati wa kushuka, ila kwenye mitaro ni mzigo. Ifunge mkobani mapema. Viatu viwe na meno. Raba zilizolika soli kwenye vumbi lile ni sawa na kukanyaga mtama uliomwagika sakafuni. Kata kucha za miguu siku moja kabla, kwa sababu mteremko wa kurudi langoni husukuma vidole mbele ya kiatu mwendo wote. Leso ya kufunika pua si urembo.

Maji: lita tatu kwa kila mtu. Huko juu hakuna pa kuongeza, na ukingoni kivuli ni cha kuwinda. Kofia iwe na kamba, maana upepo hauombi ruhusa.

Kileleni unaliona Ziwa Naivasha upande mmoja na mlima Suswa upande wa kusini, na hapo ndipo watu hujisahau. Sehemu kubwa ya mzunguko bado iko mbele: panda shuka, nundu baada ya nundu, nyingi kuliko alizonazo ngamia yeyote. Kabla ya kuendelea, angalia saa na chupa. Kama ni alasiri, au maji yamebaki chini ya nusu, rudi ulikotoka. Magoti yatalalamika lakini njia ni fupi. Msitu ulio ndani ya kreta utazame kutoka juu. Hifadhi hii ina nyati.

Msimu wa mvua, hasa Machi hadi Mei, ishia ukingoni tu. Vumbi lile likilowa ni utelezi mtupu, na mitaro hugeuka mifereji. Lawama yetu kubwa ni hiyo mitaro, na wageni tunachangia: kila anayeikwepa kwa kukanyaga nyasi za pembeni anafungua mtaro mwingine wa msimu ujao.

Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, si kwa noti. Maliza jambo hilo jioni ya kuamkia safari na ubebe kitambulisho. Ukipanda matatu ya Naivasha, muulize makanga kama anapitia Mai Mahiu. Za barabara ya juu zitakupitisha mbali. Shukia Longonot, kisha boda boda hadi langoni, na uchukue namba ya huyo dereva kwa ajili ya kurudi. Ondoka mjini kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, hasa wikendi, malori yakiwa bado machache kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Jioni, kung'uta viatu na suruali kabla ya kuingia kwenye matatu. Makanga akikununia kwa vumbi hilo, ana haki yake.