Makumbusho ya Mkwawa Kalenga: ingieni, na mkiingia msiwe na haraka

Niseme mapema kabisa, kama uko Iringa au unapita kwenda Ruaha na una gari lako au hata nauli tu ya daladala, ingia Kalenga. Ni kama kilomita 15 kutoka mjini, njia ileile ya kwenda hifadhini, na watu wengi bado wanaipita tu hivihivi. Sisi mara ya kwanza tuliipita, tulikuwa tumechukuliwa na kampuni moja ya utalii na dereva akasema hapo kuna chumba kimoja na fuvu, hakuna cha kuona, akakanyaga mafuta. Iliniuma kwakweli, maana habari za Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, nimezisoma toka shule ya msingi na nilitaka wanangu waone kwa macho yao. Safari hii tumeenda wenyewe, mimi na watoto na mama mkubwa wangu ambaye ni mwenyeji wa Iringa, na tulikaa pale mpaka njaa ndo ikatuondoa.

Jengo ni dogo, hilo dereva hakudanganya. Ukienda ukiwa na picha ya Makumbusho ya Taifa pale Dar kichwani utashangaa. Ndani kuna mikuki, ngao, marungu, bunduki, na fuvu la Mtwa (yaani chifu kwa Kihehe) Mkwawa mwenyewe ndani ya sanduku la kioo. Lakini jamani udogo wa chumba hauna uhusiano wowote na uzito wa vitu vilivyomo. Kuna mkuki mmoja mpini wake umelainika kabisa sehemu ya kushikia, yaani unaona kabisa mkono ulikuwa unakaa hapa. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Mzee aliyetupokea ndo aliifanya safari iwe safari. Mama mkubwa alimwamkia "kamwene", salamu ya Kihehe, naye akaitikia kamwene, wakaulizana ukoo, ikawa tumeshakuwa wageni wa nyumbani. Ushauri wangu wa kwanza ni huo, msizunguke kimyakimya mkisoma vibao halafu mkatoka, muombeni mhifadhi awaelezee na muulizeni maswali mengi kadiri mnavyoweza.

Akaanza na Lugalo. Mimi Lugalo nilikuwa naijua kwa kambi ya jeshi na hospitali, nimeishi Mwenge miaka mingi, kila siku napita pale kwenye daladala, na najua nimeambiwa shuleni kwamba ni vita ya Wahehe, ila kusikia inavyosimuliwa ukiwa umesimama kwenye ardhi yao ni kitu kingine. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye watu walishampa jina la Nyundo kwa ukatili wake, kilikuwa kinatembea kwa mstari mrefu njiani, na jeshi la Mkwawa lilikuwa limejificha pembeni, wakawavamia kwa mikuki karibu kabisa kabla bunduki hazijafanya kazi yake. Zelewski aliuawa hapohapo na kikosi chake karibu chote kikaisha. Wahehe nao walipoteza watu wengi sana, na nilipenda kwamba mzee hakuificha hiyo, aliisema kwa sauti ileile aliyosemea ushindi.

Halafu akatutoa nje. Hapo Kalenga ndipo palikuwa ngome yenyewe, makao makuu ya Mkwawa, amezungushia ukuta, na ng'ambo kule mzee akatuonyesha upande wa Tosamaganga, kilima ambacho Wajerumani walikitumia kuipigia mizinga Kalenga. Kijana wangu wa darasa la tano akawa anaangalia kilima, anaangalia tulipo, anapiga hesabu zake mwenyewe. Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ikaanguka, Gavana Friedrich von Schele ndo aliyekuwa mkuu wao na Tom von Prince alikuwa mmoja wa maafisa wake, lakini Mkwawa akawatoroka na akaendelea kuwasumbua porini kwa karibu miaka minne. Wakatangaza zawadi ya rupia 5000 kwa atakayeleta kichwa chake, na watu wake hawakumuuza kirahisi. Julai 1898, akiwa amebanwa kila upande, akajipiga risasi mwenyewe kuliko kukamatwa. Askari wa Kijerumani wakiongozwa na sajenti mmoja aitwaye Merkl wakakuta maiti, na kichwa kikakatwa kikapelekwa Ujerumani.

Hapo ndo tukarudi ndani kwenye kioo, na mwanangu akauliza swali ambalo nadhani kila mtu analo ila anaona aibu kuuliza. Akasema, "Sasa babu, waliijuaje kama ni yenyewe?"

Mzee akamjibu, "Mjukuu wangu, walipima." Akaeleza kwamba baada ya vita ya kwanza ya dunia, kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246 kiliiagiza Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Hebu fikiria, mkataba wa kumaliza vita ya dunia nzima, na ndani yake kuna mtu wa Kalenga! Na kifungu hichohicho kinadai pia msahafu wa Khalifa Othman uliotolewa Madina urudishwe kwa mfalme wa Hijazi, hili mimi nilikuwa silijui kabisa na mama mkubwa ambaye ni Muislamu alimuuliza mzee mara mbili ili ahakikishe amesikia vizuri. Wajerumani wakasema hawajui liko wapi. Ikapita miaka, ikaja vita nyingine, mpaka 1953 gavana wa Tanganyika, Edward Twining, akaenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen. Kule kulikuwa na mafuvu kama 2000 na kati ya hayo 84 yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani, basi wakayachambua kwa vipimo, wakalinganisha na vipimo vya vichwa vya ndugu zake Mkwawa, wakachagua moja. Mwaka 1954 likarudishwa na kukabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ndo huyohuyo aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu miaka mingi.

Sasa kuna watu wanasema si lenyewe, na kwa kweli ukisikia jinsi lilivyochaguliwa unaelewa kwa nini wanasema hivyo. Mimi msimamo wangu ni kwamba mashaka hayo hayaipunguzii Kalenga chochote, tena yanatakiwa yaelezwe kwa kila mgeni anayeingia, kwa sababu lile jambo linalotisha ni hiyo namba 84. Kama hili ndo la Mkwawa, hayo mengine yalikuwa ya kina nani? Nao walikuwa na mama zao na watoto wao, na hawakuandikwa kwenye mkataba wowote. Wanangu wote wawili walikuwa kimya wakati mzee anasema hiyo, na njiani walirudia kuiuliza, tukaizungumza mpaka mjini.

Ndo maana naona Kalenga inatakiwa iende pamoja na Songea. Kule kwenye makumbusho ya Majimaji, Rais wa Ujerumani Steinmeier alikuja Novemba 2023 akaomba msamaha, na akaahidi kwamba watajitahidi kutafuta kichwa cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni ambaye aliuawa na Wajerumani wakati wa vita ya Majimaji. Familia ya Mkwawa walau ina mahali pa kwenda kusimama. Wangoni wanasubiri, na ukishatoka Kalenga ile habari huwezi tena kuisikia redioni ukaiacha ipite.

Mambo ya kawaida sasa kwa wanaopanga kwenda. Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu sana ukilinganisha na cha wageni, bebeni kitambulisho na hela taslimu ili msihangaike. Ukienda Juni au Julai beba sweta, Iringa baridi yake si ya mchezo, hasa asubuhi. Watoto kuanzia kama miaka tisa wataelewa vizuri, wadogo zaidi kaeni nao karibu kwa ajili ya lile fuvu, wa kwangu mdogo aliogopa kidogo mwanzoni kisha akawa ndo anayesogeza pua kwenye kioo mpaka kinapata ukungu. Msitoke bila kuomba kuonyeshwa makaburi ya Chifu Sapi na Chifu Adam Sapi, yako jirani tu. Kwa upande wangu natoa nyota tano na sizipunguzi, kwa sababu ya vitu vilivyopo na kwa sababu ya yule mzee.

Ukiwa na siku nzima, anza mjini pale Boma, jengo la zamani la Wajerumani ambalo nalo sasa ni makumbusho ya mkoa, ni pazuri kwa kuelewa watu wa Iringa kwa ujumla, kisha ndo uje Kalenga. Mwenye gari la kuhimili barabara ya vumbi anaweza kuendelea na njia ya Ruaha mpaka Mlambalasi, ndiko alikofia na kiwiliwili chake kilikozikwa, ila ulizeni kwanza hapo Kalenga kuhusu hali ya njia na mtu wa kuwapeleka. Na kama mnarudi Dar au Morogoro, mnara wa kumbukumbu wa Lugalo uko njiani kabla hamjafika mbali na Iringa, mwambieni dereva mapema, tena kabla hajaanza kuongeza mwendo.