Chujio la maji la dharura: ulizia kwanza mpira wa mdomoni

Lalamiko ni lilelile kila msimu. Mtu amejinyima, amenunua chujio la maji la kuweka akiba, siku maji ya bomba yamekatika akalitumia kama maelekezo yalivyosema, na bado nyumba nzima ikaharisha. Lawama zote zinaangukia chujio. Mara nyingi chujio halina kosa: maji machafu hayakupita ndani yake, yalipita nje.

Kwa hiyo sitakaa kwenye uzito wa kifaa wala kasi ya lita kwa dakika. Hayo wauzaji huyaandika kwa herufi kubwa. Wasichokiandika ni hali ya kile kiungo kati ya chupa na chujio.

Chujio la kukamua lina mirija myembamba kama nywele, na kuta za mirija hiyo zina vitundu vya mikroni 0.1 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo, amiba na kimelea cha kuharisha kiitwacho Giardia hawapiti hapo kwa sababu ni wakubwa zaidi. Unajaza chupa maji machafu, unafunga chujio mdomoni, unageuza juu chini, unakamua, na maji safi yanashukia kwenye chombo kilichotegwa chini. Ndani ya kifuniko cha chujio, pale linapokutana na mdomo wa chupa, kuna mpira bapa wa duara. Mpira huo ukikosekana, ukijikunja au ukitanuka kwa kukazwa mno, maji machafu yanayosukumwa na mkono wako hutafuta njia kwenye hesi (mifuo ya kufungia kwa kuzungusha), huteremka nje ya chujio na kudondokea kwenye maji safi. Mkamuaji haoni kitu, maana macho yake yako kwenye mkondo unaotoka chini. Matone machache yanatosha kuharibu chombo kizima.

Na mpira huo hupotea kwa urahisi mno. Ukilowa hunata kwenye mdomo wa chupa, ukifungua chujio unabaki huko, ukienda kuteka maji unaanguka. Gizani hutauona tena.

Jipime hivi kabla ya dharura. Jaza chupa, funga chujio, kausha sehemu ya nje kabisa, kisha zungushia karatasi laini ya chooni pale chupa inapokutana na chujio. Geuza, kamua kwa nguvu ya kawaida kwa nusu dakika. Karatasi ikilowa, kiungo kinavuja. Fungua, laza mpira vizuri, funga mpaka ushike bila kukaza kwa nguvu zote, rudia. Wakati wa matumizi usizamishe chujio kwenye mdomo wa chombo safi. Liache juu yake kidogo. Pia funga ukanda wa kitambaa kwenye shingo ya chupa, ncha yake ining'inie pembeni, ili tone lolote lifuate kitambaa na kuanguka kando.

Baada ya hayo, huu ndio mpangilio wangu.

La kwanza ni Sawyer Squeeze, na sifichi upendeleo. Hesi yake inaingia kwenye chupa nyingi za soda, zile za mdomo wa milimita 28, kwa hiyo chombo cha kukamulia hakikugharimu chochote. Mpira wake unatoka na kubadilishwa, na chujio lenyewe linaoshwa badala ya kutupwa. Mikoba ya plastiki inayokuja nalo usiitegemee: ukiikamua kwa hasira hupasuka kwenye mshono. Chupa ngumu ya soda ni bora. Chupa nyembamba za maji, zenye shingo fupi, mara nyingi hazikai sawasawa, na hapo ndipo uvujaji unapoanza.

Ndugu yake mdogo, Sawyer Mini, ana vitundu vya ukubwa uleule ila mirija yake ni michache, hivyo huziba mapema. Kwa mtu mmoja anafaa. Kwa familia atawachosha mikono.

Maji yakianza kutoka kwa shida, lioshe kinyume: vuta maji kwa bomba la sindano linalokuja na chujio, libane kwenye tundu la kutokea maji safi, sukuma kwa nguvu, rudia mpaka yanayotoka upande wa pili yawe meupe. Maji hayo yawe yaliyokwisha kuchujwa. Ukitumia machafu umepeleka vimelea upande wa ndani, mahali ambapo hakuna tena kitu cha kuvizuia, na kila glasi itakayofuata itavibeba. Chujio lililokauka kabatini likagoma, liloweke kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kuliosha. Kama maji yenu yana chokaa, loweka kwenye siki nyeupe kwa nusu saa, suuza vizuri.

Usilimwagie maji yanayochemka wala usiliache lililowana ligande kwa baridi. Barafu hupasua mirija ndani bila alama yoyote nje. Ukilishuku, lilowanishe vizuri kisha puliza kwa mdomo upande wa maji machafu: hewa ikipita kwa wepesi, mirija imekatika, litupe. Hewa ikikataa ni dalili njema, ingawa si hakikisho, kwa hiyo lililowahi kuganda usiliamini kwa jaribio hilo peke yake.

La pili ni vidonge vya klorini vya Aquatabs, na ningependa usivione kama mbadala wa chujio. Vitundu vya mikroni 0.1 haviwezi kuzuia virusi, kama vya homa ya ini ya A. Klorini inaviua. Klorini nayo hushindwa na Cryptosporidium, kimelea cha kuharisha ambacho chujio linakinasa. Ukichuja kwanza halafu ukaweka kidonge, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Soma miligramu kwenye pakiti kabla ya kulipa: cha 67 ni cha lita 20, na cha 8.5 ni cha lita moja tu. Watu hununua vidogo wakavitumbukiza kwenye dumu zima. Subiri dakika 30, na kidonge kisimezwe kamwe.

Klorini ya maji ya kufulia ndiyo rahisi kuliko vyote. Iwe haina manukato wala sabuni, nguvu yake kati ya asilimia 5 na 9: matone mawili kwa lita, koroga, subiri dakika 30. Maji yaliyovurugika yachuje kwa kitambaa kwanza, kisha weka matone manne. Chupa iliyokaa zaidi ya mwaka imepoteza nguvu. Kuchemsha ni dakika moja tangu maji yaanze kutokota kwa nguvu, na dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Hakuna la kununua hapo isipokuwa kuni.

Mrija wa kunyonyea, kama LifeStraw ya mtu mmoja, hauna tatizo la kiungo, lakini haujazi sufuria wala hauwezi kumnywesha mtoto mchanga. Kalamu za mwanga wa urujuanimno (UV), zinazoua vimelea kwa mwanga, naziweka mwisho: zinataka chaji, na kwenye maji ya tope mwanga haupenyi.

Hakuna kati ya hivi kinachoondoa mafuta, dawa za kuulia wadudu au chumvi. Kwa hiyo weka pia maji safi kwenye madumu ya chakula, lita nne kwa mtu kwa siku, kwa siku tatu za mwanzo. Dumu lililobeba kemikali halisafishiki, hata liwe la bure.

Wauzaji wanaudhi. Wanaandika «asilimia 99.99» bila kutaja mikroni, au wanataja mikroni za wastani badala ya kipimo kamili, maana yake baadhi ya vitundu ni vikubwa kuliko vilivyoandikwa. Wanakuuzia «seti kamili ya dharura» yenye filimbi, dira na chujio lisilo na jina, kwa fedha ambazo zingetosha chujio zuri na vidonge. Kipindupindu kikitangazwa bei inapanda siku hiyohiyo. Na ukiulizia mpira wa akiba, kitu kidogo tu, unaambiwa ununue chujio jipya. Muuzaji wa hivyo mwache. Nunua kwa anayeuza mipira peke yake, chukua mitatu, na mmoja ufunge kwa uzi kwenye bomba la sindano.