Seti ya shanga za Sukkot: shanga nzuri, ila uzi badilisheni

Nalea watoto wawili wa familia ya Kiyahudi huku New Jersey, mmoja ana miaka 7, mwingine 4. Mwaka jana, wiki moja kabla ya Sukkot, yaani Sikukuu ya Vibanda, mama yao aliniachia seti ya shanga ya dola 19 tutunge mapambo ya kibanda. Mimi mzaliwa wa Tanga, kutunga shanga nilifundishwa na bibi, kwa hiyo niliipokea kwa furaha.

Shanga zenyewe nazisifu. Ni za plastiki, nene kama punje ya hindi, na tundu lake pana; hata huyu wa miaka 4 alipitisha uzi mwenyewe nilipomzungushia selotepu kwenye ncha. Rangi zilichaguliwa na mtu anayeijua sikukuu: nyekundu ya komamanga, zambarau ya zabibu na tini, kijani cha zeituni, kahawia ya tende, manjano ya ngano na shayiri. Ndiyo yale mazao saba ya nchi ya Israeli yanayotajwa kwenye Torati. Komamanga lilituteka kabisa. Unakunja waya laini duara, unaujaza shanga nyekundu, juu unaacha vijimeno vitatu vya taji. Mkubwa alitengeneza 11, kulala hataki.

Uzi ndio ulioniudhi. Wameweka uzi wa mpira, ule wa bangili. Kibanda hukaa nje siku 7, na paa lake ni matawi tu. Kwetu makuti huezekwa mvua isipite. Hapa kivuli kinatakiwa kizidi jua, lakini usiku nyota zionekane. Upepo na umande vinaingia watakavyo. Mtungo wa kwanza ulilegea usiku mmoja, asubuhi tukaukuta umelala juu ya meza. Tuliifumua yote, tukaanza upya kwa mshipi wa kuvulia samaki, dola 3 tu, na haukulegea mpaka kibanda kinabomolewa. Fanyeni hivyo mapema, maana kwa wanaoishika dini, siku mbili za kwanza fundo halifungwi.

Kuna pia shanga za herufi za Kiebrania. Hizo zilinigusa, kwa kuwa husomwa kutoka kulia kama nilivyosoma chuo cha Kurani utotoni. Mkubwa akataka kutunga neno shalom: shin, lamed, vav, halafu mem. Sasa, mem ikiwa mwisho wa neno hubadilika umbo, hufungwa kama kisanduku, kama vile mim ya Kiarabu nayo inavyobadilika ikifika mwisho. Pakiti ina herufi 22 za kawaida. Yale maumbo 5 ya mwisho wa neno, kama hilo la mem, hayamo. Mtoto alimwaga shanga zote mezani, akazigeuza moja moja, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo neno lake litaishaje. Nilitafuta ushanga mweupe mtupu, akaichora mem yake kwa kalamu ya wino usiofutika. Seti ya sikukuu ya Kiyahudi haikupaswa kukosa herufi hiyo. Nimewaandikia watengenezaji, sijajibiwa.

Mwaka huu tutainunua tena, mshipi nimeshauweka tayari. Mtungo wa shalom mama yao ameuhifadhi kwenye boksi la mapambo, na ile mem ya kalamu bado inasomeka.